Ukitaka kumpata koa wa baharini, anza na chakula chake: mwongozo kwa watu wa Nairobi

Hii nimeandikia mtu wa Nairobi anayeshuka Mombasa ama Diani ama Watamu mara moja moja, maji yakipwa anatembea kwenye mwamba, anaona kaa, anaona mashimo ya pweza, anaona majongoo bahari, halafu anarudi alikolala bila kuona hata koa mmoja na walikuwa hapo hapo miguuni mwake. Koa wa baharini ni konokono ambaye gamba lake limepotea ama limebaki kidogo tu ndani ya mwili, wengi ni wafupi kuliko kidole chako, na ukiangalia picha zao na zile rangi unaona haiwezekani mtu akawapita. Lakini watu wanawapita kila siku, juu wanatafuta mnyama. Huyu hatafutwi hivyo, kinachotafutwa ni chakula chake.

Koa karibu wote ni wachaguzi sana. Kuna wa mwani wa aina moja tu, kuna wa sponji (mnyama wa baharini asiyetembea) ya aina moja tu, kuna anayekula mayai ya koa wenzake na hataki kitu kingine. Akishapata hicho chakula anakaa juu yake, anapandana hapo, anataga hapo, mara nyingi anabeba rangi yake, na hata sumu ya kujilinda ameitoa hapo. Kwa hivyo ukijua nani anakula nini, umeshajua ni wapi uiname.

Hatua ya kwanza: jifunze mdomo wake ukiwa bado Nairobi

Hii usiruke, hata kama unaona haihusiani na bahari. Mvua ya kati ya Machi na Mei ikishika, konokono wanajaa kwenye sukuma za watu, kuanzia Kasarani hadi Karen. Chukua mmoja. Koroga unga wa ngano na maji kidogo, paka juu ya kipande cha kioo safi, safu nyembamba tu, acha ikauke nusu, kisha muweke konokono hapo na uinue kioo umwangalie kwa chini ukimulika na tochi ya simu. Ngoja atulie. Utaona mdomo unafunguka, kitu kinatoka kinalamba, kinarudi, kinatoka tena, na nyuma yake kinaacha njia iliyosafishwa unga.

Hicho ndicho kinaitwa radula, utepe wenye safu za meno madogo sana, na unafanya kazi kama mbuzi ya kukunia nazi. Karibu koa wote wa baharini wametoka kwa babu aliyekuwa na hicho kifaa na kila ukoo umekibadilisha kufuata chakula chake. Wale wa sponji wengi wana utepe mpana wenye meno mengi ya kukwangua. Wale wa kufyonza mwani wamebaki na safu moja tu ya meno, na jino moja moja ndilo linalofanya kazi, kutoboa. Wengine wameacha meno kabisa. Ukishaona radula ikifanya kazi kwa macho yako kwenye kioo, ukifika baharini utaelewa kwa nini huyu yuko pale na yule hawezi kuwa pale. Ukimaliza mrudishe konokono na unawe mikono vizuri na sabuni, konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba minyoo.

Hatua ya pili: panga safari kwa kufuata mwezi

Watu wengi wa Nairobi wanapanga na wikendi na mshahara, na hiyo naelewa, lakini bahari haijui wikendi. Unachotaka ni bamvua, zile siku karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwa pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3, kwa hivyo mwamba ambao siku nyingine uko chini ya maji unautembea kwa miguu. Na bahati nzuri ni kwamba siku za bamvua pwani ya Kenya maji yanapwa zaidi mnamo saa nne ama saa tano asubuhi, halafu tena usiku saa kama hizo, so unapata mchana wa kujifunzia na usiku wa wale wanaotoka gizani. Ukienda maji mafu utakuta mwamba umefunikwa, utabaki kuogelea tu. Jedwali la maji liko kwenye simu, ama ukiwa pale muulize mvuvi yeyote, wanahesabu mwezi kichwani.

Msimu nao una maneno. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji huwa matulivu na safi zaidi. Kusi ikivuma sana maji yanachafuka na mawimbi yanapiga mwamba, unaweza kupata koa lakini utasumbuka.

Ukipanda treni Syokimau asubuhi unafika Miritini mchana, na hapo uchague: kaskazini kuna Nyali, Kuruwitu, Watamu na Malindi, kusini unavuka Likoni unaenda Tiwi, Diani, na ukiendelea mpaka karibu na mpaka wa Tanzania uko Shimoni na kisiwa cha Wasini. Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu 1968, na ukiingia ndani ya hifadhi ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) unalipa kiingilio na hutoi chochote, hata gamba tupu.

Bebeni viatu vya mpira vyenye soli ngumu (sio sendo za kufungua vidole), kofia, maji ya kunywa, tochi nzuri, lenzi ndogo ya kukuza, na kava ya simu isiyoingia maji. Glavu sitaki uvae, juu mtu akivaa glavu anaanza kushika kila kitu.

Hatua ya tatu: ukifika, soma mahali kabla ya kuinama

Kwanza salimia. Kwenye mwamba maji yakipwa kuna wazee na akina mama wanatafuta pweza na vijiti vyao, hao ndio wenyewe. Sema shikamoo mzee, shikamoo mama, eleza unatafuta nini, uliza mwani mwekundu unaota wapi, uliza mawe yenye sponji nyingi yako upande gani, uliza pia wapi usikanyage. Watakuonyesha vidimbwi kwa nusu saa ambavyo wewe ungezunguka siku nzima. Na watakuonya juu ya samaki jiwe na wale konokono wenye gamba la koni lenye michoro mizuri, ambao wanachoma kwa sumu na wanaweza kuua mtu. Usiokote gamba lolote la umbo hilo.

Halafu simama uangalie. Gawanya mbele yako kwa macho: nyasi bahari ziko wapi, mwani uko wapi, mchanga mtupu uko wapi, mawe yenye kivuli chini yake yako wapi, na ukingo wa mwamba ambapo maji yanapita kwa nguvu uko wapi. Kila mahali hapo pana chakula chake na koa wake.

Hatua ya nne: nenda chakula kwa chakula

*Anza na mwani na nyasi bahari*, juu ndio rahisi na koa wa huko wengine ni wakubwa. Dolabella auricularia ni wa kijani-kahawia, ngozi ina vinundu na vijinyama, nyuma mwili umekatika kwa mshazari, na anaweza kupita urefu wa kiganja cha mtu mzima kilichofunguliwa. Mchana anajifukia nusu kwenye nyasi na mchanga, usiku anatembea akila mwani. Ukimsumbua anatoa wino wa zambarau. Jamaa zake wa Aplysia pia, na hapo kuna jambo linanifurahisha mpaka leo: ule wino unatengenezwa na rangi ya mwani mwekundu aliokula. Aplysia wa California, wale wanaofugwa maabara na ambao Eric Kandel alitumia kuchunguza kumbukumbu mpaka akapata Nobel mwaka 2000, wakilishwa mwani wa kijani peke yake wanaishiwa wino wa zambarau. Kwa hivyo ukiona wino, angalia pembeni, mwani mwekundu hauko mbali.

Na usimdharau Dolabella kwa sura. Mwaka 1972 watu wa George Pettit wa Arizona State University walikusanya koa hawa Mauritius, bahari hii hii yetu, wakafanya kazi miaka mingi, na 1987 wakachapisha muundo wa kemikali inayoitwa dolastatini 10 ambayo inaua seli za saratani hata ikiwa kidogo sana. Baadaye ikajulikana koa mwenyewe hatengenezi, anaipata kwa sianobakteria (bakteria wanaotumia mwanga wa jua kama mimea) anazokula pamoja na mwani. Kutoka kwa hiyo kemikali watu wakatengeneza nyingine inayofanana, ikawa sehemu ya dawa ya saratani ya tezi aina ya Hodgkin iliyoruhusiwa Marekani 2011. Yaani dawa ya hospitali imeanzia kwenye kile koa alikula kwenye mwani.

Ukiona utando wa nyuzi nyuzi za kahawia ama nyekundu-nyeusi umelala juu ya nyasi, hiyo inaweza kuwa sianobakteria yenyewe, chunguza taratibu. Hapo ndipo anakaa Stylocheilus, mdogo, mwili una mistari myembamba na madoa ya buluu, na hakai peke yake, wanakuwa wengi wamerundikana juu ya hicho chakula ambacho samaki wengi hawataki hata kuonja.

Kwenye mwani wa kijani mambo yanabadilika, hapa hakuna kukwangua. Tafuta Halimeda, ule mwani mgumu wenye chokaa uliojengwa kwa vipande vya mviringo vilivyoungana, na Caulerpa, wenye mashina yanayotambaa mchangani na matawi yanasimama juu. Seli za mwani wa aina hii ni kubwa ajabu, na koa wa ukoo wa Elysia anatoboa seli kwa lile jino moja, ananyonya vilivyomo ndani. Utakuta kijani juu ya kijani, kingo za mwili zimekunjwa juu ya mgongo, na hutamwona mpaka atembee. Cha ajabu ni kwamba hamalizi kila kitu alichonyonya. Zile kloroplasti, sehemu za mmea zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, anazihifadhi zikiwa nzima ndani ya mwili wake na zinaendelea kufanya kazi. Elysia chlorotica wa pwani ya mashariki ya Marekani anaweza kukaa miezi mingi bila kula baada ya hapo. Msikimbilie kusema anaishi kwa jua tu lakini. 2014 watafiti waliweka koa wa aina mbili gizani, mmoja akiwa Plakobranchus ocellatus ambaye anapatikana kwenye mchanga wa bahari za joto za Hindi na Pasifiki, na wakaendelea kuishi miezi bila mwanga. Kwa hivyo akiba ya ndani nayo inamsaidia.

Na kuna Elysia marginata, huyo 2021 watafiti wa Japani Sayaka Mitoh na Yoichi Yusa walieleza kwamba anaweza kujikata shingo mwenyewe, kichwa kikaacha mwili wote pamoja na moyo, kikatambaa, na ndani ya masaa kikaanza tena kula mwani. Baada ya wiki tatu hivi mwili mpya umeota. Kichwa bila tumbo kinakula mwani! Ukiona kichwa kidogo cha koa kinatembea peke yake, muache kabisa aendelee.

*Halafu ingia kwa sponji.* Hapa ndipo utakaa zaidi, na ndipo penye rangi. Sponji ni mnyama asiyetembea, amejishika kwenye mwamba, rangi yoyote ile, nyekundu, njano, zambarau, nyeusi, na ukimkaribia na lenzi utaona matundu. Ni hao hao ambao akina mama wa Jambiani kule Zanzibar wanafuga kwenye kamba wauze za kuogea, ila za mwambani nyingi zina vijiti vya kioo ndani ya mwili na kemikali kali, ndio maana samaki wengi wanazikwepa. Tafuta chini ya kingo za mwamba na chini ya mawe. Ukigeuza jiwe, geuza polepole, angalia pande zote, urudishe hivyo hivyo lilivyokuwa, juu vilivyoota upande wa chini vikiachwa juani vinakufa.

Wa kwanza utakayemwona pengine ni Phyllidia, kwa sababu huyo hajifichi hata mchana, mweusi mwenye vinundu vya buluu-kijivu vyenye ncha za njano. Hana radula. Anatoa juisi inayolainisha sponji kisha anafyonza. Sumu ya sponji inahamia kwenye ute wake na inajulikana kwamba akiwekwa kwenye chombo kimoja na samaki, wanaweza kufa wote.

Chromodoris nao, wale wa mistari myeusi na buluu na ukingo wa njano ama machungwa, wanakula sponji wakichagua sumu. Watafiti walipima aina tano wakakuta ukingoni mwa mwili, pale samaki angeuma kwanza, wameweka kemikali moja tu, latrunkulini A, na sehemu nyingine za mwili wana mchanganyiko. Fikiria, kiumbe mdogo namna hii anachambua chakula chake akapanga kilicho kikali zaidi mahali pa kuumwa.

Rostanga ni mtihani wa macho. Ni mwekundu, yuko juu ya sponji nyekundu, na utepe wa mayai yake ni mwekundu. Ukipata sponji nyekundu nyembamba imefunika jiwe, usiende, kaa hapo ukague sentimita kwa sentimita, tafuta kovu la sehemu iliyokwanguliwa, maana kovu linaonekana kabla ya koa.

Sasa nikupe kitu cha historia kwa sababu wewe ni mtu wa Nairobi. Koa anayeitwa Halgerda wasinensis, naye mla sponji, amepewa jina la Wasini. Aliyemwandika 1904 ni Sir Charles Eliot, huyo huyo aliyekuwa kamishna wa Waingereza hapa Afrika Mashariki 1900 hadi 1904 na aliyesukuma walowezi wapewe ardhi ya nyanda za juu. Kwa ardhi aliacha majeraha ambayo familia nyingi bado zinabeba. Kwa koa alikuwa mtaalamu kweli, aliandika maelezo ya aina nyingi za pwani yetu na Zanzibar, na majina mengi bado yanatumika. Mimi nataka yafuatayo yaandikwe na sisi, ndio maana naandika huu mwongozo.

*Wanaokula vitu vinavyowasha.* Nenda ukingo ambapo maji yanapita, kwenye nguzo za gati, kwenye kamba kuukuu. Utaona vichaka vidogo vyenye matawi membamba sana, hao ni hidroidi, jamaa wa yavuyavu na anemoni, na ukiwagusa wanawasha. Koa wao ana mgongo uliojaa vijipembe laini vinavyoyumba na maji. Anakula hidroidi akilindwa na ute wake, na zile seli za kuchoma ambazo hazijafyatuka zinapitishwa kwenye matawi ya utumbo hadi ncha za vijipembe, zinakaa pale zikiwa silaha yake. Pteraeolidia, mrefu mwembamba wa buluu na zambarau, anafanya hivyo na anaongeza mwani mdogo mdogo unaoishi ndani ya ngozi yake na kumpa chakula cha ziada. Phyllodesmium yeye anakula matumbawe laini, na vijipembe vyake vinaiga umbo la matumbawe hayo kiasi kwamba unaweza kuangalia picha uliyompiga wewe mwenyewe usimwone.

Hapa pia yuko Glaucus atlanticus, na huyu hutamtafuta mwambani. Anaelea katikati ya bahari chali, tumbo juu, amemeza hewa, urefu sentimita 3 hivi, buluu na fedha. Chakula chake ni Physalia, ule mwenye puto la buluu na nyuzi ndefu zinazochoma vibaya, pamoja na Velella na Porpita. Upepo ukivuma kuelekea nchi kavu siku kadhaa vyote vinaweza kutupwa ufukweni pamoja. Ukiona vitu vya buluu vimelala kwenye mstari wa maji, mzuie mtoto asitie mikono hapo. Glaucus amehifadhi seli za Physalia na kuzikusanya, anaweza kuchoma kuliko chakula chake chenyewe, na hata akiwa amekufa usimshike.

*Wawindaji* nawapitia haraka, juu kuwapata ni bahati zaidi. Chelidonura anateleza juu ya mchanga, mweusi wenye mistari ama madoa, mkia wenye ncha mbili, anakimbia kuliko koa wengi kwa sababu chakula chake ni minyoo bapa inayotembea. Nembrotha, mweusi na kijani, anakula wale wanyama wa mifuko midogo iliyoshika mwamba ambao ukiwabonyeza wanarusha maji. Gymnodoris ceylonica, mweupe kidogo wa kupenya mwanga na vidoa vya machungwa, anakula Stylocheilus niliyemtaja, kwa hivyo ukipata lile kundi angalia ukingoni mwa kundi. Favorinus yuko juu ya utepe wa mayai ya koa wengine, akiyala, na mara nyingi rangi ya yale mayai inaonekana ndani ya vijipembe vyake. Phestilla anakula matumbawe magumu ya Porites na anaacha doa jeupe la mfupa. Melibe hana radula kabisa, ana kofia kubwa ya mdomo anayoirusha mbele, anaifunga juu ya vikamba vidogo, anasukuma maji nje na kumeza kilichobaki.

Hatua ya tano: rudi usiku

Ukiwa na bamvua, rudi maji yakipwa usiku, lakini na mwenyeji anayejua mwamba, na mtoke maji yakianza kujaa bila kubishana. Usiku ndio Hexabranchus sanguineus anatoka, mwekundu, mkubwa kuliko wote wa kundi lake, kawaida sentimita 20 hadi 30 na wameshapimwa wa 60. Kingo za mwili amezikunja, ukimsumbua anazifungua zote anaogelea kwa kujipindapinda. Anakula sponji za aina ya Halichondria, anachukua sumu yake, na anaipitisha mpaka kwenye mayai. Ule utepe wa waridi uliojizungusha juu ya jiwe ambao watu wengi hupiga picha wakidhani ni ua, ni mayai yake, na hauliwi na karibu chochote kwa sababu ya kile mama alikula.

Hatua ya sita: hakikisha anakula, usibahatishe

Kumkuta juu ya kitu haimaanishi anakila, anaweza kuwa anapita. Kaa naye dakika kumi bila kumgusa na bila kumweka kivuli. Angalia kichwa kama kimeshuka na kinasonga mbele na nyuma. Angalia nyuma yake kama kuna kovu ama njia iliyosafishwa. Angalia kinyesi, rangi yake ni rangi ya chakula. Angalia mayai yaliyotagwa pale pale, wengi wanataga juu ya chakula ama karibu nacho. Ukipata alama mbili tatu, andika anakula. Ukipata moja, andika alikuwa juu yake.

Picha piga tatu: mzima kwa juu, kichwa na zile pembe mbili anazonusia maji, na ya tatu chakula peke yake kwa karibu. Hiyo ya tatu ndiyo watu wanasahau, na ndiyo yenye thamani, kwa sababu jina la koa mtu mwingine anaweza kukupa kwa picha lakini alichokuwa anakula ni wewe tu uliyeona. Usimtoe majini ili apigwe picha vizuri, nje ya maji vijipembe na manyoya ya kupumulia yanalala na anabaki uvimbe wa ute.

Hatua ya saba: usimlete Nairobi

Naliweka hapa kwa sababu najua watu wenye matangi ya maji chumvi mjini wanapenda rangi. Huyu atakufa kwa njaa. Hakuna chakula cha dukani atakachokula, sponji yake hutaweza kuiotesha kwenye tangi, na akifa ute wake unaweza kumaliza samaki wote uliowalipia pesa. Hata Berghia, koa ambao nje wanafugwa na kuuzwa makusudi wamalize anemoni waharibifu wa Aiptasia kwenye matangi, wakishamaliza Aiptasia ya mwisho wanakufa wenyewe, hawana mpango wa pili. Hapo ndipo utaona uchaguzi wa chakula si tabia ya kubadilishwa.

Ukirudi

Panga picha zako usiku huo huo, usingoje Nairobi. Weka kwenye iNaturalist, tovuti ya watu kuweka picha za viumbe walivyoona, ni bure, na kwenye maelezo andika tarehe, mahali, saa, maji yalikuwa yanapwa ama yanajaa, na chakula. Kama chakula hukijui jina, eleza tu, sponji ya zambarau laini chini ya jiwe, ama mwani mwekundu wa matawi membamba, mtu anayejua sponji ataongeza jina lake. Kama ni yule mzee ama yule mama wa pweza aliyekuonyesha kidimbwi, mtumie picha pia kwa WhatsApp umwambie ni nani anaishi pale na anakula nini, na umuulize mwezi ujao bamvua inaanza lini.